Jozi 90 zilizorudi

Najua nimepotea kidogo, na wale walioniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika, asanteni kwa kunikumbuka. Sijaacha. Nilikuwa na jambo lililonikaa kooni na sikujua nianzie wapi kulieleza. Leo nitaanzia kwenye begi.

Begi lenyewe nililinunua soko la Toi, hapa Nairobi, miaka minne iliyopita, nilipopata kazi yangu ya kwanza baada ya chuo. Nilihitaji kitu cha kubebea laptopu kwenye matatu bila kuogopa mvua. Muuzaji alianza na shilingi 1,200, mimi nikaanza na 400, tukakutana 700. Ni begi la mgongoni, la buluu iliyokolea, lenye zipu nene, na kwa nje pametariziwa herufi tatu kwa uzi mweupe. Ni herufi za kwanza za majina ya mtu nisiyemjua. Wenzangu kazini waliacha kuniita kwa jina langu, wakawa wananiita kwa herufi hizo. Karibu na herufi kuna lebo ndogo: L.L.Bean.

Kwa muda mrefu sikujali lebo hiyo. Mitumba ina lebo nyingi, na ukianza kuulizia kila moja hutafanya kazi nyingine. Lakini mwaka jana kulikuwa na siku tisa ambazo nilikuwa nikikwepa kupiga simu moja. Nyinyi mnaojua kukwepa kazi mnajua jinsi mtu anavyoweza kusoma chochote ili asifanye anachopaswa kufanya. Nilisafisha meza. Nikapanga faili za miaka mitatu. Kisha nikaangalia begi, nikaandika lebo yake kwenye Google, nikaanza kusoma. Nilisoma hadi saa nane usiku.

Kwanza niwape historia yenyewe, halafu nitarudi kwenye ile simu.

Leon Leonwood Bean alizaliwa mwaka 1872 katika jimbo la Maine, lile jimbo la pembe ya kaskazini mashariki mwa Marekani linalopakana na Kanada. Ni nchi ya misitu, maziwa na baridi kali. Alikuwa na miaka 12 wazazi wake wote wawili walipofariki, wakipishana siku chache tu, akalelewa na jamaa. Alipokua akafanya kazi za duka, akiuza viatu na nguo, na moyo wake wote ukawa porini: kuwinda na kuvua samaki.

Shida yake ilikuwa miguu. Mwindaji wa Maine hushinda siku nzima akikanyaga theluji iliyoyeyuka na matope. Buti la ngozi huingiza maji, likilowa huwa zito na mguu huganda. Gambuti la mpira halipitishi maji, lakini ni zito, halikushiki kifundo cha mguu, na ukitembea nalo mwendo mrefu utalia. Sisi tuliokulia mashambani tunalijua gambuti, halihitaji utangulizi. Mwaka 1911 Bean alirudi kutoka kuwinda miguu ikiwa imelowa na baridi, akapata wazo ambalo leo linaonekana rahisi sana: chini liwe gambuti, juu liwe buti la ngozi. Akachukua sehemu ya chini ya kiatu cha mpira, akampelekea fundi viatu amshonee ngozi juu yake. Akavaa, akaenda msituni, miguu ikabaki mikavu.

Mwaka 1912 akaamua kuviuza. Hapa ndipo mimi kama mtu wa hifadhidata nilikaa wima kwenye kiti. Bean hakuwa na duka kubwa. Alikuwa katika mji mdogo wa Freeport, akifanyia shughuli zake kwenye chumba cha chini cha duka la ndugu yake. Wateja wa kiatu kama hicho wangetoka wapi? Akatafuta orodha ya watu wasio wakazi wa Maine waliokuwa wamechukua leseni ya kuwinda katika jimbo hilo. Fikiria: kila jina kwenye orodha ni la mtu anayependa kuwinda, ana pesa za kusafiri hadi Maine, na ameshawahi kulowa miguu huko. Akachapa karatasi za matangazo akawatumia kwa posta. Sisi leo tunalipa kampuni kubwa za mtandao zitutafutie watu wa namna hiyo. Yeye alitumia leseni za serikali na stempu.

Oda zikaja. Akauza jozi 100 za kwanza, na katika tangazo lake aliahidi kwamba mteja asiporidhika atarudishiwa pesa.

Jozi 90 zikarudi.

Kisa hiki kampuni yenyewe imekisimulia kwa miaka mingi, hakikufichwa. Sababu ilikuwa ya kiufundi: mpira wa chini ulikuwa dhaifu mno kushikilia mshono. Nyuzi zilikata mpira na ngozi ikaachana na chini. Jozi yake mwenyewe ilikuwa imemfaa, lakini jozi moja ya mwenye wazo si jozi 100 kwenye miguu ya watu 100 wanaotembea kila mmoja kwa namna yake. Waandishi wa programu wote mnaosoma hapa, nadhani mmeshaelewa nilivyojisikia. Kwenye mashine yangu ilifanya kazi.

Bean aliwarudishia wote pesa. Biashara ilikuwa changa na hasara hiyo ingeweza kuimaliza. Badala ya kufunga, alikopa pesa, akatafuta kampuni ya mpira iliyoweza kumtengenezea sehemu ya chini imara zaidi, akaanza tena na buti lililorekebishwa. Bahati nayo ilimsaidia: Januari 1913 posta ya Marekani ilianza huduma mpya ya kusafirisha vifurushi hadi vijijini kwa bei nafuu, na mtu anayeuza kwa posta akapata njia pana. Buti hilo bado linauzwa, na bado linashonwa Maine.

Niliposoma hapo kwenye zile 90 nikafunga laptopu. Sasa niwaeleze kuhusu simu.

Mwaka uliopita niliandika programu ya kuendesha maduka ya agroveti: mauzo, risiti, na hesabu ya stoku. Nilifanya kazi hiyo usiku na wikendi, nje ya ajira yangu. Niliuza kwa maduka sita, shilingi 18,000 kila moja, na kwangu hiyo ilikuwa pesa nyingi na fahari kubwa. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye duka katika mji mdogo kando ya barabara ya Mombasa. Alikuwa ameajiri kijana mmoja wa kusimamia duka, kijana mpole ambaye ndiye niliyemfundisha kutumia programu. Alijifunza haraka kuliko mwenye duka, na kila nilipokwenda alikuwa na swali jipya.

Mwezi wa tatu mama akanipigia simu kunishukuru.

"Mwanangu," akasema, "hiyo mashine yako imenisaidia kumshika mwizi."

Alikuwa amehesabu magunia mwisho wa mwezi. Kompyuta ilisema kuna chakula cha kuku kilo kadhaa, lakini sakafuni zilipungua kilo 59. Pesa za mauzo zilikuwa sawa na risiti, kwa hivyo maana ilikuwa moja tu: kijana alikuwa akiuza kando bila kuandika. Kwa bei ya shilingi 80 kwa kilo, akamkata 4,720 kwenye mshahara, akamwambia maneno mbele ya wateja. Kijana akasema hakuiba. Siku iliyofuata hakurudi kazini.

Nikamwambia mama pole, nikakata simu, na tumbo langu likaanza kuniuma. Pesa sawa na stoku pungufu? Mwizi mvivu angeiba pesa. Nikafungua kumbukumbu za duka lake. Nikatafuta mauzo yote ya chakula cha kuku ambayo kipimo chake kilikuwa na nusu: nusu kilo, kilo moja na nusu, mbili na nusu. Yalikuwa 118. Gawanya kwa mbili utapata 59.

Kwa wasomaji wasioandika programu, nieleze kilichotokea. Kompyuta huweka namba kwa aina mbalimbali. Kuna namba kamili, kama 1, 2, 3, na kuna namba zenye desimali, kama 0.5 na 1.5. Ukiilazimisha kompyuta igeuze namba ya desimali iwe namba kamili, katika lugha nyingi haikadirii kama mwalimu wa hesabu. Inakata tu. 1.5 inakuwa 1. 0.5 inakuwa sifuri. Mimi nilikokotoa bei kwa desimali, kwa hivyo risiti na pesa vilikuwa sahihi. Lakini kwenye mstari mmoja tu, ule wa kupunguza stoku, nilikuwa nimegeuza kipimo kuwa namba kamili. Kila mteja aliyenunua nusu kilo, duka lilipokea pesa ya nusu kilo, kijana akapima nusu kilo, na programu yangu ikaandika kwamba hakuna kilichotoka kwenye gunia.

Kwa nini sikuona? Kwa sababu nilifanya majaribio kwa paketi za mbegu na chupa za dawa. Hakuna anayenunua nusu chupa ya dawa ya ng'ombe. Lakini mimi nimelelewa na nyanya yangu aliyefuga kuku, na mara ngapi nimetumwa dukani nusu kilo! Nililijua jambo hilo maisha yangu yote, na halikuja akilini nilipoketi mbele ya kompyuta.

Kurekebisha kulichukua dakika kumi. Mstari mmoja. Usiku huo huo nikatuma toleo jipya kwenye maduka yote sita kupitia mtandao, na kwenye maelezo ya toleo nikaandika maneno matatu: marekebisho madogo madogo.

Halafu nikanyamaza siku tisa.

Nitasema ukweli wote kwa sababu ndiyo maana ya kuandika haya. Nilijiambia mengi siku hizo. Kwamba hitilafu imeshakwisha. Kwamba kijana ni mdogo, atapata kazi nyingine. Kwamba nikisema, maduka mengine yataogopa na jina langu litaharibika kabla sijaanza. Kwamba kampuni kubwa zote hufanya hivi hivi. Hilo la mwisho ndilo lililonituliza zaidi, na ndilo nililokuwa nalo kichwani usiku ule nilipokuwa nikisoma habari za begi langu hadi nikafika kwenye jozi 90.

Nilirudi kuisoma historia iliyobaki, labda nikitafuta mahali ambapo mzee Bean naye alidanganya. Sikupapata, lakini nilipata mambo mengine ya kufurahisha, na sitaki kuwanyima.

Duka la Freeport lilikua. Mji huo uko kwenye njia ya kwenda misituni, na wawindaji hupita usiku ili alfajiri iwakute porini. Walikuwa wakigonga mlango usiku wa manane wakitaka risasi, soksi au leseni. Kwa muda kulikuwa na kengele ya kumwamsha mtu awafungulie, hadi mwaka 1951 ambapo Bean aliamua duka lisifungwe kabisa: saa 24, siku 365. Sisi tunaoendesha seva tunaimba kila siku kuhusu mfumo usiozimika. Hawa walikuwa na mlango usiofungwa, na katika miongo iliyofuata uliwahi kufungwa mara chache za kuhesabika, mojawapo ikiwa wakati wa korona mwaka 2020.

Mwaka 1944 walianza kuuza mfuko wa turubai mzito wa kubebea mabonge ya barafu kutoka kwenye gari hadi sandukuni, enzi ambazo friji haikuwa kila nyumba. Friji zikaenea, haja ya kubeba barafu ikaisha, lakini mfuko haukufa. Watu waliendelea kuutumia kwa sokoni, ufukweni na vitabu, na hadi leo unauzwa kwa jina la Boat and Tote. Mara nyingi huwa umetariziwa herufi za mwenyewe, kama begi langu. Kitu kilichotengenezwa vizuri kwa kazi moja kikapata kazi kumi ambazo mtengenezaji hakuziwaza.

Mzee alipozeeka, kampuni nayo ilizeeka pamoja naye. Mjukuu wake, Leon Gorman, aliingia kazini mwaka 1961 baada ya chuo na jeshi la majini. Babu alikuwa na miaka karibu 90 na bado ndiye mwenye neno la mwisho. Wafanyakazi wengi walikuwa wazee, oda zilishughulikiwa kwa mkono, na babu hakutaka mabadiliko. Alitosheka na alichonacho. Yeyote aliyewahi kurithi mfumo wa zamani ulioandikwa na mtu mmoja ambaye bado anakaa meza ya pili na hataki uguswe, atamhurumia kijana huyo. Gorman hakugombana. Alifanya kazi, akasoma biashara ilivyo kutoka chini hadi juu, akaandika orodha ndefu ya mambo ya kurekebisha, akasubiri. Bean alifariki Februari 1967 akiwa na miaka 94, na mjukuu akawa rais wa kampuni.

Mauzo ya mwaka yalikuwa chini ya dola milioni 5. Gorman akapanga upya kazi, akaleta kompyuta kwenye orodha ya wateja na kwenye oda, akapanua katalogi. Alipokabidhi kiti mwaka 2001, mauzo yalikuwa yamepita dola bilioni moja. Aliyempokea hakuwa wa ukoo, wa kwanza kuongoza bila kuwa wa damu ya Bean, lakini kampuni yenyewe imebaki mali ya familia na hisa zake haziuzwi sokoni. Tangu mwaka 2013 mwenyekiti wake ni Shawn Gorman, kitukuu wa mzee. Leon Gorman alifariki mwaka 2015.

Kwa miaka hiyo yote ahadi ya 1912 ilibaki. Hukuridhika? Rudisha. Lini? Wakati wowote.

Siku ya kumi nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi asubuhi. Simu nilikuwa nimeikwepa sana hata nikaona aibu kuipiga. Nikaona bora niende mwenyewe. Nilimkuta mama peke yake kaunta, miwani puani, anapambana na kipanya. Alifurahi kuniona. Akaniagizia chai kabla sijafungua mdomo, na chai hiyo ilikuwa adhabu.

Nikamwambia. Nikamwonyesha mauzo 118 kwenye skrini. Nikachukua mzani wake, nikapima nusu kilo, nikamwonyesha programu ya zamani ilivyoandika na mpya inavyoandika. Hakunikatiza hata mara moja.

"Kwa hivyo huyu mtoto hakuiba," akasema.

"Hakuiba, Mama."

"Na mimi nilimwambia mbele ya watu."

Sikuwa na jibu. Nikatoa simu nikamtumia 18,000 zake kwa M-Pesa hapo hapo, nikamwambia pia nataka kulipa zile 4,720 za kijana. Zile 18,000 alizipokea bila maneno. Za kijana alizikataa. "Hizo nilikata mimi, nitazirudisha mimi." Akampigia kijana mbele yangu. Simu iliita hadi ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu akamtumia pesa tu, pamoja na ujumbe mfupi ambao hakunionyesha.

Nilimuuliza kama niondoe programu. Akafikiri. "Iache," akasema, "lakini kuanzia leo na daftari litakuwepo." Nikaona ni haki yake.

Wale wengine watano niliwapigia simu jioni hiyo na kesho yake. Wawili hawauzi kitu cha kupima na walishangaa kwa nini nawasumbua. Mmoja alisema aliona tofauti akadhani ni panya. Mmoja alitaka pesa zake zote na nikamrudishia. Siku hizi anatumia programu ya mtu mwingine. Wa mwisho tulikubaliana nimrudishie nusu. Jumla ilinitoka 45,000. Kodi ya nyumba mwezi huo nililipiwa na dada yangu, na bado ananikumbusha.

Sasa, isije ikaonekana nawaambia kwamba ukisema ukweli kila kitu hunyooka. Siku nne baadaye nilipata ujumbe wa yule kijana. Mama alikuwa amempa namba yangu. Yuko Mlolongo, anafanya kazi za mjengo. Aliandika: "Nimeona pesa. Asante bro kwa kusema. Lakini mwambie Mama sirudi." Nilimjibu nikimwomba msamaha kwa maneno mengi. Alisoma, hakujibu.

Hapo ndipo kisa changu na cha mzee Bean vinapoachana njia. Yeye aliuza kiatu, kiatu kikaachia, mtu akalowa miguu, akarudishiwa pesa, wakawa sawa. Mimi niliuza kitu kinachosema. Programu yangu ilitoa ushahidi dhidi ya mtu, na watu wakauamini kwa sababu umetoka kwenye kompyuta. Pesa zinarudishwa. Maneno yaliyosemwa mbele ya wateja katika mji mdogo hayana M-Pesa ya kuyarudisha. Na zile siku tisa nilizonyamaza ndizo ambazo yeye alikuwa akitafuta nauli ya kuondoka.

Na hata ahadi ya Bean haikudumu milele. Februari 2018 kampuni ilitangaza kwamba kurudisha bidhaa bila kikomo kumekwisha. Watu walikuwa wakirudisha mabuti yaliyochakaa baada ya miaka mingi, na wengine walikuwa wakinunua vitu vya L.L.Bean vilivyotumika, kwenye mauzo ya uani kwa watu, kisha wakavirudisha dukani kama vyao. Kampuni ilisema bidhaa hizo ziliigharimu dola milioni 250 katika miaka mitano. Tangu hapo ni mwaka mmoja, na uwe na uthibitisho wa kununua. Baada ya hapo wanaangalia tu kasoro za utengenezaji. Wengi walikasirika, wengine wakaenda mahakamani, wakisema wamevunjiwa ahadi.

Nilicheka niliposoma hapo, kwa sababu mimi na begi langu la Toi ndio hasa watu wanaozungumziwa. Herufi si zangu, risiti sina, na aliyelinunua mara ya kwanza labda hata hakumbuki. Lakini pia nilielewa jambo. Ahadi kama ile inahitaji pande mbili zenye haya. Mzee aliwaamini wawindaji waliosema mshono umeachia, na walikuwa wakisema kweli. Ukiondoa ukweli upande mmoja, upande wa pili nao utaanza kuweka masharti. Mama wa agroveti aliiamini programu yangu kuliko alivyomwamini kijana wake. Baada ya kusikia ukweli aliiacha kaunta, na daftari kando yake. Sina hakika angeiacha kama angegundua mwenyewe.

Kwa wenzangu wa kazi hii, mambo matatu niliyobadilisha. Kwanza, sijaribu tena kwa vitu vinavyonirahisishia. Kila sehemu inayopokea kipimo naijaribu kwa nusu, robo, sifuri na namba hasi, na kabla ya kuuza naenda kukaa dukani siku nzima nikiangalia watu wananunua nini hasa. Pili, kwenye ukurasa wa hesabu ya stoku nimeweka maandishi makubwa: tofauti ikitokea, nipigie kabla ya kumshuku mtu. Nimeshapigiwa mara mbili. Mara moja kulikuwa na kosa la kuingiza data, mara ya pili kweli ilikuwa panya. Tatu, nina orodha ya kila mteja na toleo analotumia. Mzee Bean aliweza kuwarudishia watu 90 pesa zao kwa sababu aliuza kwa posta, na aliyeuza kwa posta ana anwani. Kama hujui programu yako iko kwa nani, hutaweza hata kukiri.

Begi bado ninalo. Wiki iliyopita mkanda mmoja uliachia mshono, baada ya miaka minne yangu na sijui mingapi ya mwenye herufi. Nimelipeleka kwa fundi viatu hapa mtaani, akaushona kwa uzi mnene wa rangi ya kahawia ambao haufanani kabisa na begi. Alinitoza 50.

Kama umewahi kutuma marekebisho madogo madogo ambayo hayakuwa madogo, niandikie. Sitamtaja mtu. Tukutane tena siku nyingine, na safari hii sitapotea sana.